Ndege Nayo Ina Pua

Baba yangu alikuwa saisi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Kila alfajiri farasi walipotoka mazoezini wakifuka jasho, hakuanza kwa kuwavua matandiko wala kuwapa maji. Alikuwa na ndoo ya maji ya uvuguvugu na kitambaa. Aliwafuta pua. Alimwinamisha farasi kichwa, akachungulia tundu moja, akachungulia la pili, akatoa vumbi na makamasi, akaenda kwa mwingine. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni usafi tu. Siku moja akaniambia kwamba farasi hana njia ya kupumua kwa mdomo. Mtu akizibwa pua hufungua kinywa. Farasi akizibwa pua huanguka, yeye na aliyempanda.

Mimi sikurithi farasi. Mwaka 1974, nikiwa na miaka 19, niliandikwa kazi katika hanga moja pale uwanja wa ndege wa Wilson, nikifagia sakafu na kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Nikaondoka pale mwaka 2012 nikiwa fundi wa injini mwenye leseni na magoti mabovu. Nakaa Kawangware hadi leo. Siku nyingine hupanda matatu ya 46 hadi mjini, nikatembea mpaka maktaba ya McMillan pale Banda Street, ubavuni mwa Msikiti wa Jamia, nikasoma habari za ndege za zamani za mji huu. Nina jambo moja ninalolitafuta. Watu wakisimuliwa juu ya ndege iliyozimika injini angani huuliza rubani alifanya nini, na ni swali la haki. Lakini mimi maisha yangu yote nimekuwa upande wa spana. Huuliza ndege ile iliguswa na nani asubuhi yake, na aliangalia wapi.

Tuanzie Dagoretti Corner. Ukishuka 111 pale leo utakutana na moshi wa nyama choma, maseremala waliopanga vitanda na viti vyao kando ya Ngong Road, na makao makuu ya idara ya utabiri wa hali ya hewa. Hakuna kibao kinachokuambia kwamba upande huu ndiko Nairobi ilikojifunzia kuruka. Katika miaka ya 1920 uwanja wa ndege wa mji ulikuwa huku kwenye Ngong Road, nyasi tupu chini ya anga kubwa. Zilikuwa siku za ndege za mbao na kitambaa. Ya kwanza kuandikishwa katika daftari la Kenya ilikuwa de Havilland DH.51 ya mlowezi John Carberry, ikaitwa Miss Kenya. Ndege hiyo ipo hadi leo na bado inaruka, ila inaruka Uingereza, katika mkusanyiko wa ndege za kale wa Old Warden. Huku Ngong Road ndiko alikofia Maia Carberry, mke wa John, tarehe 12 Machi 1928. Alikuwa akimfunza kijana aitwaye Dudley Cowie, wakaanguka wote wawili. Aliacha binti mdogo.

Mwaka uliofuata, 1929, mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akiwa na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege moja ndogo, Gipsy Moth. Baadaye kazi ikahamia uwanja mpya wa Nairobi West, na mwaka 1962 uwanja huo ukapewa jina la mama huyo. Kila anayesema leo "nipeleke Wilson" anamtaja bila kujua.

Injini ya Moth ilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 100 hivi, na hizo 100 ni za pwani. Hapa ndipo Nairobi inapowadanganya wageni. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na mtambo wa kujisukumia hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo ndege iliyotoka Mombasa ikiwa na farasi sita ikifika hapa ina watano. Ikipoa mwezi wa Julai, manyunyu yakatanda kuanzia Karen hadi Kikuyu, kuna hatari nyingine: barafu huota ndani ya kabureta, penye koo ambapo hewa hupita kwa kasi na petroli hugeuka mvuke. Nje hakuna barafu hata chembe, mtu amevaa sweta tu, lakini ndani ya koo la injini kuna barafu. Nimeona rubani akishuka kutoka ndege iliyokohoa hewani, akaniambia, "Fundi, injini yako mbovu," nami nikaifungua nusu saa baadaye nisikute kitu, kwa sababu mhalifu alikuwa ameyeyuka.

Ndiyo maana katika siku zile za mwanzo injini kuzimika hakukuwa habari ya ajabu. Rubani alitafuta nyasi, akatua, akafungua boneti, akasafisha plagi, akaruka tena. Aliyekosa nyasi au aliyekosa petroli alikaa akingoja mwenzake amwone. Mwaka 1931 Mjerumani Ernst Udet, shujaa wa vita kuu ya kwanza aliyekuwa amekuja Afrika kupiga filamu kutoka angani, alikwama Sudan pamoja na ndege yake. Aliyemtafuta na kumwokoa alikuwa yuleyule Campbell Black. Miaka mitatu baadaye Campbell Black na C.W.A. Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo waliruka huku injini moja kati ya mbili ikiwa imepungukiwa na presha ya oili na imepunguzwa nguvu.

Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji aliyemzoea mwandishi Karen Blixen na kutua kwenye shamba lake chini ya Ngong, aliruka kutoka Voi na Gipsy Moth yake. Ilizunguka uwanja, ikaanguka, ikawaka moto. Kaburi lake liko kwenye milima ya Ngong, lina mnara, watalii hulitembelea, na visa vya simba waliolala juu yake vimeandikwa katika lugha nyingi. Ndani ya ndege ile walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu, na vitabu vinampa jina moja tu: Kamau. Nimemtafuta Kamau pale McMillan meza baada ya meza. Alitoka kijiji gani, alimwacha nani, alipanda ndege ile mara ngapi, alikuwa na kazi gani asubuhi ile kabla ya injini kuwashwa? Mtu aliyesafiri na rubani siku hizo hakuwa abiria wa kukaa tu. Alifunga kamba, alisukuma, alimimina petroli kutoka kwenye madebe kupitia kitambaa cha kuchujia. Nadhani Kamau alizijua pua za ndege ile kuliko yeyote aliyeandika juu yake.

Kuna mwingine ambaye jina lake limesalia zaidi, na hapo namshukuru mwandishi aliyemtaja, Beryl Markham. Beryl alilelewa Njoro, katikati ya farasi wa baba yake na watoto wa Kipsigis. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, alipokuwa mtu mzima akaitwa arap Ruta. Beryl alipofunza farasi, arap Ruta alikuwa naye zizini. Beryl alipojifunza kuruka kwa Campbell Black hapa Nairobi, arap Ruta alihama naye kutoka zizini hadi kwenye ndege, akawa mtu wake wa uwanjani. Mimi mtoto wa saisi niliposoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo, nikasimama kwenye ngazi za maktaba kati ya wale simba wawili wa mawe. Kwa hiyo njia ile niliyodhani nimeipita peke yangu, kutoka kwa farasi hadi kwa injini, ilikuwa imeshakanyagwa.

Safari iliyompa Beryl jina ni ya tarehe 4 Septemba 1936. Aliruka jioni kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York peke yake, upepo ukimpiga usoni. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka Atlantiki namna hiyo kutoka Uingereza. Ndege ilikuwa Percival Vega Gull ya John Carberry, huyohuyo wa Miss Kenya, na ilikuwa na herufi za Kenya ubavuni: VP-KCC. Ndani ya chumba kulijazwa matangi ya ziada ya petroli yasiyo na vipimo. Ilibidi tangi liishe hadi injini izimike, gizani, juu ya bahari, ndipo afungue bomba la tangi lingine na kungoja injini ishike tena. Hebu fikiri moyo wa mtu anayesubiri kimya hicho kwa makusudi.

Kimya cha mwisho hakikuwa cha makusudi. Baada ya zaidi ya saa 20 angani, alipokuwa ameshaiona nchi kavu ya Kanada, injini ikaanza kukohoa. Tangi la mwisho lilikuwa bado na petroli. Kilichozibwa ni tundu la hewa la tangi hilo, barafu ilikuwa imelifunga. Kila mama wa nyumbani anayetoboa mkebe wa maziwa ya kopo anajua kwamba tundu moja halitoshi, sharti utoboe la pili upande wa pili ili hewa iingie, la sivyo maziwa hudondoka tone moja kisha hugoma. Tangi la ndege ni hivyohivyo. Petroli haiwezi kutoka kama hewa haiwezi kuingia. Beryl aliitelezesha ndege hadi Baleine Cove, kisiwa cha Cape Breton, kwenye sehemu iliyoonekana ni nyasi. Ilikuwa bwawa la tope. Magurudumu yakazama, pua ikachoma chini, mkia ukabaki juu. Alitoka mwenyewe na jeraha kichwani. Wiki mbili baadaye mwalimu wake, Campbell Black, akafa pale Liverpool, ndege yake ikiwa chini kabisa, ilipogongwa na ndege nyingine uwanjani.

Vitabu husema alivuka. Kweli alivuka. Lakini mimi husimama kwenye lile tundu, bomba jembamba tu. Hakuna mtu wa kulaumiwa kwa barafu ya Atlantiki, wala simlaumu yeyote. Nataka tu lijulikane kuwa safari ya usiku kucha ilikatwa na kitu ambacho ungekiziba kwa kidole kidogo.

Turudi Nairobi West. Mafunzo ya rubani anapozimikiwa na injini ni mafupi, na nimeyasikia yakirudiwa mbele ya hanga mara nyingi hata naweza kuyasema usingizini. Shusha pua upate mwendo wa kuteleza. Chagua mahali. Angalia upepo. Jaribu bomba la petroli, tangi lingine, joto la kabureta. Piga Mayday. Ukishindwa, funga petroli, zima umeme, fungua mlango kidogo usije ukajikunja ukakufungia ndani. Na kama ndio kwanza umeruka, usigeuke kurudi uwanjani, maana ndege isiyo na nguvu ikikatwa kona kali chini chini huanguka kama jiwe. Tua mbele yako, kushoto kidogo au kulia kidogo, popote palipo wazi. Cessna ndogo ikiwa futi 1,000 juu ya ardhi huteleza kilomita 2 na nusu hivi, basi. Huo ndio mduara wa maisha ya rubani kwa wakati huo.

Popote palipo wazi. Hapo ndipo historia ya mji wetu imebadilika kuliko injini zilivyobadilika. Nilipoanza kazi, rubani aliyetoka Wilson alikuwa na nyasi nyingi za kuchagua. Nyumba za Langata zilikuwa chache, South C ilikuwa na viwanja vitupu, na Uhuru Gardens, pale bendera ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, palikuwa uwanja wa wazi karibu wote. Upande wa kaskazini Kibera ilikuwepo, lakini kati ya nyumba na nyumba ungeona mahindi. Mwaka hadi mwaka mduara ule ulijaa. Maghorofa ya Nyayo Highrise yakaota, barabara ya Southern Bypass ikapita, Kibera ikafunga hadi ukingoni mwa reli. Siku hizi ukimwuliza rubani angetua wapi magharibi ya mji, atakuhesabia vidole vya mkono mmoja: viwanja vya gofu, uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, uwanja wa farasi wa Ngong Road, na mbuga.

Mbuga hiyo, Nairobi National Park, ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na imeanzia karibu kwenye ukuta wa Wilson. Watu huipenda kwa vifaru. Mafundi tuliipenda kwa sababu nyingine. Ndege ikikawia kurudi, macho yetu yalikwenda huko. Mabishano yalipopamba moto juu ya daraja la reli ya SGR, lile la karibu kilomita 6 linalovuka mbuga juu ya nguzo, kila mtu alisema juu ya twiga na simba, na walisema kweli. Mimi nilikuwa nimestaafu na hakuna aliyeniuliza. Ningesema pia juu ya wanafunzi wa urubani wa Wilson na zile nyasi.

Lakini uwazi hausaidii kama hakuna mbawa za kukubeba hadi kwenye uwazi. Sikuwa nimemaliza mwaka pale hanga, Jumatano tarehe 20 Novemba 1974, saa mbili kasoro asubuhi, Boeing 747 ya Lufthansa iitwayo Hessen iliporuka kutoka uwanja wa Embakasi ikielekea Johannesburg, ikapanda kidogo tu, ikatikisika, ikarudi chini. Kati ya watu 157, 59 walikufa. Tangu 747 zianze kubeba abiria, hiyo ndiyo ya kwanza kuua. Kutoka Wilson tuliona moshi. Siku nzima tulisema ni injini, lazima ni injini, na mafundi wakubwa wakapeana nadharia juu ya chai. Injini zote nne zilikuwa nzima. Valvu za kupeleka hewa ya msukumo kwenye mbawa hazikufunguliwa, hivyo vibawa vya mbele vya kuongeza unyanyuaji havikutoka, na siku hizo ndege hiyo haikuwa na king'ora cha kumwonya rubani juu ya jambo hilo. Fundi wangu mkuu, mzee wa Kalasinga aliyenifunza kazi, alipopata habari ile baadaye hakusema kitu. Alichukua tochi akaenda kupitia upya ndege ambayo tayari alikuwa ameitia sahihi.

Nikiwa tayari fundi kamili ikaja siku ya Comoro. Jumamosi, 23 Novemba 1996. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja hapa Nairobi, na ilikuwa na mafuta ya kuja hapa pamoja na akiba. Watu watatu wakaiteka, wakamwamuru rubani Leul Abate awapeleke Australia. Akawaambia mafuta hayatoshi. Wao wakamwonyesha jarida la ndani ya ndege, lililosema ndege ya aina hiyo inaweza kukaa angani saa 11. Ndani ya ndege alikuwemo Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh, mpiga picha ambaye mwaka 1984 aliionyesha dunia njaa ya Ethiopia, na ambaye mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha pale Addis. Kampuni yake, Camerapix ya Nairobi, ndiyo iliyokuwa ikichapisha jarida hilo. Jambo hili huniuma kila nikilifikiria. Jarida halikukosea. Saa 11 ni za tangi lililojaa, na tangi la siku ile halikuwa limejaa.

Leul Abate alifuata pwani yetu kwenda kusini, kisha akaelekea Comoro. Injini ya kwanza ikazimika, kisha ya pili. Ndege ya abiria 163 na wafanyakazi 12 ikawa kipande kikubwa cha bati kinachoteleza kimya, kikipata nguvu kidogo za kuendeshea mbawa kutoka kwenye pangaboi dogo linalofunguka chini ya tumbo na kuzungushwa na upepo. Alitaka kutua kwenye uwanja wa Hahaya. Vurugu na watekaji zikampotezea uwanja, akashusha ndege baharini karibu na Mitsamiouli, mbele ya hoteli iitwayo Galawa. Jina hilo ni ngalawa yetu, Wakomoro na sisi tunaelewana. Bawa la kushoto likagusa maji kwanza, ndege ikakatika. Walionusurika walikuwa 50, na waliowaokoa walikuwa wenyeji na wageni wa hoteli, waliokwenda kwa mashua na vyombo vyovyote walivyovipata. Wengi waliokufa walikuwa wamejaza upepo majaketi yao ya kuokolea wakiwa bado ndani, maji yalipoingia yakawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Mohamed Amin alikufa. Walionusurika wanasema alikuwa amesimama, akibishana na watekaji hadi dakika za mwisho. Tangu siku hiyo nikipanda ndege na kusikia mhudumu akisema usijaze jaketi kabla ya kutoka, humtazama machoni na kumsikiliza mpaka amalize.

Nimechelewesha la kwangu.

Ilikuwa Februari 1983, kiangazi. Ndege moja ya injini moja, mbawa juu, ilikuwa imekaa nje ya hanga majuma matatu ikingoja kipuri. Kipuri kikaja, tukakifunga jioni, na asubuhi nikapewa kuikagua kabla ya safari. Nilitoa petroli chini ya matangi kwenye kikombe cha kioo, nikaiinua juani nione kama kuna tone la maji limekaa chini. Ilikuwa safi, samawati yake ileile. Nikapima oili. Nikazungusha pangaboi kwa mkono. Nikafungua vifuniko vya matangi nikatazama ndani. Vilikuwa vile vya zamani visivyo na tundu. Hewa yote ya matangi iliingia kwa bomba moja tu, chini ya bawa la kushoto, nyuma ya mhimili, mahali ambapo sharti uiname na kuangalia juu. Sikuinama. Sikuwa na haraka, wala hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nimeiona ndege ile mara nyingi mno.

Ilirudi hewani vizuri, rubani na abiria mmoja. Dakika 25 hivi baadaye mnara ukatupigia simu. Injini ilikuwa imekohoa juu ya mbuga wakati wa kurudi, ikashika, ikakohoa tena, ikanyamaza. Rubani alifanya yote niliyoyataja hapo juu kwa mpangilio wake, akaiweka kwenye nyasi upande wa Athi. Gurudumu la mbele likaingia shimo la ngiri, likavunjika. Hakuna aliyeumia. Tulikwenda na lori na askari wa mbuga mwenye bunduki. Wakati wenzangu wanafungua mbawa, mimi niliinama. Bomba lilikuwa limezibwa kwa udongo mgumu, laini usoni kama uliopigwa lipu. Nyigu. Majuma matatu yalimtosha kujenga.

Niliutoa ule udongo kwa bisibisi, ukatoka mzima kama kizibo, nikautia kwenye kiberiti. Kisha nikaenda kumwonyesha mzee wa Kalasinga na kumwambia sikuangalia. Aliandika taarifa kama nilivyosema, akaniambia nisaini. Hakupaza sauti. Kwa mwezi mzima nilifanya kazi chini ya sahihi ya mtu mwingine.

Rubani alikuja hanga siku ya tatu. Nilimngoja anitukane. Aliniomba nimwonyeshe lile tundu, akapiga goti palepale kwenye saruji, suruali nyeupe na yote, akaangalia juu kwa muda mrefu.

Jioni nilikwenda kwa baba. Aliishi kwenye vyumba vya masaisi pale uwanjani. Nikamfungulia kiberiti, nikamweleza. Aliuvunja ule udongo kwa kucha. Ndani kulikuwa na buibui watano waliofungashwa pamoja, wamekunja miguu, bado laini. Nyigu huwachoma wasife wala wasikimbie, wawe chakula cha kinda lake. Baba aliwageuza kiganjani, akaniuliza kama ni kweli ndege kubwa hivyo hupumulia kitu chembamba hivyo. Nikamwambia ndiyo. Ndipo akaniambia juu ya yule mama mzee mrefu, mfunzaji wa farasi aliyewahi kushinda Derby, aliyepewa nyumba ndogo na klabu humohumo ndani ya uwanja. Nilikuwa nimemwona tangu ujana wangu akipita amevaa suruali, akitazama miguu ya farasi kabla ya kumtazama mtu. Masaisi walisema zamani alivuka bahari na ndege ikamfia mwishoni kwa sababu pua yake iliganda. Hivyo ndivyo nilivyolisikia jina la Beryl Markham kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka tisa katika kazi ya ndege. Alifariki miaka mitatu baadaye, Agosti 1986, sikuwahi kupata ujasiri wa kubisha hodi.

Nililala palepale usiku ule, kwenye mkeka. Kabla hakujapambazuka baba aliniamsha. Farasi walikuwa wanarudi, nilisikia kwato kwenye muramu na ile pumzi yao nzito. Ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye miti ya Ngong Forest. Alichota maji ya uvuguvugu, akamshika hatamu wa kwanza, jike mwekundu mwenye baka jeupe, akamshusha kichwa.

Kisha akanipa kitambaa.